Kamirithu: tamthiliya iliyosahihishwa hadharani

Mkulima wa kahawa wa Vwawa, Tanzania, angeielewa Kamirithu bila kufafanuliwa. Ni kijiji cha Limuru, Kenya, kwenye nchi ya chai, na mwaka 1977 wengi wa wakazi wake walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba makubwa ya chai, au wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Kijiji kilianzishwa miaka ya 1950, wakoloni walipowakusanya watu kwa nguvu wakati wa vita vya Mau Mau.

Hapo ndipo waandishi Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walipopeleka rasimu ya tamthiliya ya Kikuyu, *Ngaahika Ndeenda*, yaani Nitaolewa Nikipenda. Hawakuipeleka ikiwa imekamilika. Ilisomwa mbele ya wanakijiji, ikajadiliwa, kisha mazoezi yakafanyika uwanjani, wazi kwa yeyote aliyepita. Wazee walikatiza: mzee wa hadhi hii hasemi hivi! Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi inavyokwenda na mshahara unavyoishia. Bibi asiyejua kusoma wala kuandika ndiye aliyewafundisha wasomi wa chuo kikuu jinsi nyimbo za majibizano za harusi zinavyopangwa. Rasimu ikabadilika kila mara.

Jukwaa walilijenga wenyewe, kwa miti na mianzi, bila paa, na viti vyake vilitosha watu zaidi ya 2,000. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali cha maonyesho kikafutwa, na usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa. Alikaa kizuizini hadi Desemba 1978, bila kufunguliwa mashtaka.

Wengi wanaoisimulia Kamirithu huanza na kizuizi hicho. Naamini kilichowatia watawala hofu zaidi ni yale mazoezi. Mtu aliyesahihisha maneno ya mhusika kibarua hawezi tena kuambiwa kwamba kibarua hana la kusema.

Ushahidi ulikuja mwaka 1982. Kikundi cha Kamirithu kilitaka kuonyesha tamthiliya nyingine, *Maitu Njugira*, katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi, kikafungiwa milango. Kikahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na mazoezi tu. Kwa makadirio ya Ngugi wa Thiong'o, mazoezi yapatayo kumi yalitazamwa na watu kati ya 12,000 na 15,000, kabla hayo nayo hayajapigwa marufuku. Tarehe 12 Machi polisi walifika Kamirithu na kulibomoa jukwaa. Ngugi wa Mirii na mwongozaji Kimani Gecau wakakimbilia Zimbabwe, wakaendeleza sanaa huko.

Miaka hiyohiyo, upande wetu wa mpaka, Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji waliigiza matatizo yao wenyewe na kuyajadili baada ya mchezo.

Kazi ya namna hiyo haihitaji jumba la fahari. Mwandishi kijana wa Vwawa mwenye rasimu kuhusu bei ya kahawa, au kuhusu maisha ya mpakani Tunduma, anahitaji Jumapili moja mchana, mahali pa wazi na wasomaji wanne watano wenye sauti. Aache watu wakatize. Wazee wa Kinyiha watamwambia palipokosewa kabla hajamaliza ukurasa wa pili.