Makaro ya magamba na kuta za pwani

Familia kadhaa hapa Gisenyi zimetuuliza kuhusu makaro ya ukutani yenye umbo la magamba ya samaki.

Kupamba ukuta kwa kauri si jambo geni kwa Waswahili. Huko Gedi, karibu na Malindi, mabakuli kutoka China yalipachikwa kwenye mihrabu ya Msikiti Mkuu. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo. Mengi yameshatoka, yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa. Wazee wale hawakufunika ukuta mzima, walichagua mahali pa heshima.

Nasi tungefanya hivyo. Magamba yana viungo vingi, na uchafu hushika kwenye viungo. Safu chache juu ya bomba la kutawadhia zinatosha, kwingine wekeni makaro ya mraba.

Lakini kwanza ukaguliwe ukuta wenyewe. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ilipasua nyumba nyingi Rubavu, na karo halizibi ufa. Gongeni plasta kwa ufunguo. Ikilia kama debe tupu, imeachana na mawe, ibanduliwe kabla fundi hajaanza.