Gugu Lililomuua Mwalimu

Kila nilipowasimulia wanachuo wangu kifo cha Socrates, liliulizwa swali lile lile: yawezekanaje mtu anywe sumu, kisha afe akizungumza kwa utulivu? Ni swali la haki. Hata wataalamu wamelibishania.

Sumu hiyo ilitokana na hemloki, gugu la ukoo wa karoti, jamaa wa giligilani tunayotia katika mchuzi. Huko Ulaya humea ovyo mitaroni na kando ya njia. Maua yake ni meupe, madogo madogo, na shina lina madoa ya zambarau. Mwaka 399 K.K., mjini Athens, mzee huyo wa miaka 70 alihukumiwa kufa kwa kuwapotosha vijana na kutoiheshimu miungu ya mji. (Mwalimu hasomi shtaka hilo kwa moyo mkavu.)

Plato, aliyetuandikia habari hizo, hakuwapo siku ile, alikuwa mgonjwa. Tena hakuutaja mmea, alisema “dawa” tu. Basi wapo waliodai kuwa amepamba, kwani hemloki, walisema, huleta degedege. Yaelekea waliichanganya na hemloki ya majini, ndugu yake, ambayo kweli huleta degedege. Hemloki yenyewe hulegeza misuli mpaka pumzi ikatike, akili ikiwa timamu.

Ndivyo alivyoandika Plato. Mleta kikombe alimwagiza mzee atembee mpaka miguu iwe mizito, kisha alale. Akaubana wayo wake kwa nguvu, akamwuliza kama anasikia. Socrates akajibu kwamba hasikii.