Kitabu cha Viboko: Fimbo, Mwanafunzi na Mwalimu katika Shule za Afrika Mashariki

Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania Bara, zilizotolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaieleza fimbo kwa uangalifu wa fundi. Iwe nyepesi na inayonepa, na ichapwe mkononi au matakoni juu ya nguo. Viboko visizidi vinne. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kosa liwe kubwa, na umri, jinsi na afya ya mtoto vizingatiwe. Kisha kila adhabu iandikwe kitabuni. Kanuni zilizotangulia, za 1979, ziliruhusu viboko hadi sita. Aliyesoma shule ya msingi anaujua umbali uliopo kati ya maneno hayo na foleni ya waliochelewa namba, mwalimu wa zamu akiwa amesimama getini na fimbo ya mpera mbichi, na hakuna kitabu chochote karibu.

Fimbo ya shule haikuletwa na mkoloni peke yake. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, watoto waliketi mkekani na mbao zao za kuandikia, wakasoma kwa sauti, na mwalimu akawa na kikoto cha kusuka au henzerani karibu na goti. Mzazi alipompeleka mtoto chuoni alimkabidhi pia haki ya kumrudi. Bara, jando na unyago vilikuwa na ukali wao, na mtoto mtukutu aliweza kuonywa na mtu mzima yeyote wa kijijini. Ila ukali huo ulikuwa na mipaka isiyoandikwa. Mwalimu wa chuo alikuwa jirani. Alihudhuria arusi na matanga ya wazazi wa watoto aliowachapa, na watoto wenyewe walikuwa wachache kiasi kwamba alimjua kila mmoja na ukoo wake. Jando nalo lilikuwa na mwanzo na mwisho. Wari walirudi nyumbani wakapokewa kwa ngoma, na mambo ya kambini yakabaki kambini.

Kilichobadilika mwishoni mwa karne ya 19 ni mwenye fimbo. Utawala wa Kijerumani uliendesha sehemu kubwa ya amri zake kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, na adhabu ya viboko 25 ilizoeleka hata ikapata jina lake, hamsa ishirini. Amri iliyotolewa Berlin mwaka 1896 iliweka kikomo cha idadi na kuwatoa wanawake, Waarabu na Wahindi katika adhabu hiyo. Mwafrika mwanamume akabaki. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu hiyo, kwani jina la mnyama likawa jina la mjeledi, na jina la mjeledi likawa jina la pigo lolote, hata la kijiti cha mpera. Mtoto wa leo anayesema amechapwa viboko viwili anatumia neno lililozoeshwa na boma.

Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa 1892, ilikuwa ya boma hilohilo. Ilifundisha kwa Kiswahili, haikuwa ya dini, na kazi yake ilikuwa kutoa makarani, maakida na walimu. Kabla yake wamisionari walikuwa na shule zao, kama ya Bagamoyo iliyoanza 1868 kwa watoto waliokombolewa utumwani. Katika shule za aina hizo ndipo ratiba ya Kizungu ilipoingia: kengele, mstari, ukaguzi wa kucha, na adhabu kwa aliyekosa kuwahi. Kuchelewa, kama kosa lenye dakika, ni jambo jipya kuliko watu wanavyodhani.

Waingereza waliongeza mabweni na viranja. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa miaka ya 1920 hasa kwa watoto wa machifu, na Alliance ya Kikuyu, iliyoanza 1926, ziliiga shule za bweni za Uingereza, ambako mwanafunzi mkubwa alipewa mamlaka juu ya mdogo. Si kwamba wanafunzi walikubali kila kitu. Huko Maseno, mwaka 1908, waligoma kwa sababu walifanyishwa kazi nyingi za mikono kuliko masomo. Adhabu nyingine ilihusu lugha. Mtoto aliyekutwa akizungumza lugha ya kwao alivishwa kitu shingoni, akitembea nacho mpaka amkamate mwenzake, na jioni wote waliokivaa wakachapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza desturi hiyo katika maandishi yake. Ni adhabu ya ajabu kidogo, maana ilimfanya kila mtoto kuwa askari wa mwenzake bila mwalimu kunyanyua mkono mchana kutwa.

Uhuru haukuiondoa fimbo. Kenya iliiwekea utaratibu mwaka 1972: viboko visizidi sita, baada ya uchunguzi kamili, mbele ya shahidi lakini si mbele ya wanafunzi wengine, na kumbukumbu iwekwe. Tanzania ilijaribu jambo kubwa zaidi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iwe jamii inayolima na kuamua mambo yake, na wanafunzi washirikishwe katika kuiendesha. Sera hiyo iliangushwa na jembe lake yenyewe. Kazi ya shamba, iliyokusudiwa kuwa somo, ikageuka kuwa orodha ya adhabu: kufyeka, kung'oa visiki, kuchota maji ya mwalimu, kuchimba shimo la taka. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe kwa miaka saba hakutegemewa kulipenda akimaliza.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 ndilo lililoamua, pengine kuliko sheria yoyote, hali ya darasa la Tanzania. Chama tawala kiliagiza elimu ya msingi kwa wote, UPE kwa kifupi cha Kiingereza, ipatikane kufikia 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa zaidi ya milioni 3. Walimu wa kuwafundisha hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu kwa redio, kwa posta na kwa semina, nao wakaitwa walimu wa UPE, jina ambalo mitaani liligeuka kebehi. Kebehi hiyo haikuwa ya haki. Kijana wa miaka 18 aliyepewa watoto 80, kitabu kimoja na ubao uliopasuka alitumia alichokuwa nacho, na fimbo haikuhitaji bajeti. Mdororo wa uchumi ulipofika, mshahara ukawa hautoshi hata nusu mwezi. Walimu wakaanza kuuza barafu, karanga na visheti kwa wanafunzi wao, na ndoo ya barafu ikakaa chini ya meza moja na andalio la somo. Wengine waligeukia tuisheni. Baadaye ada zilipofutwa, Tanzania kupitia mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002 na Kenya Januari 2003, madarasa yalifurika tena. Kenya pekee ilipokea zaidi ya watoto milioni moja wa nyongeza mwaka huo wa kwanza.

Kenya ilikuwa imeshachukua njia nyingine. Mwaka 2001 serikali ilizifuta kanuni za viboko. Katiba ya 2010 ikakataza adhabu ya kumpiga mtu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa la jinai. Mwaka huohuo wa 2001, mwezi Machi, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos lilichomwa moto na wanafunzi 67 wakafariki. Tangu hapo kila bweni linapoungua hujitokeza mtu wa kudai fimbo irudishwe. Mwaka 2021 aliyedai hivyo alikuwa waziri wa elimu mwenyewe, George Magoha. Hoja hiyo inasahau kwamba mauaji ya wasichana 19 wa Shule ya St Kizito, 1991, na moto wa Bombolulu ulioua wasichana 26 mwaka 1998 vyote vilitokea fimbo ikiwa halali. Uingereza, iliyoitwa mwalimu wa nidhamu hiyo, iliiondoa katika shule zake za serikali mwaka 1987.

Historia ya nidhamu ni historia pia ya walioachwa nje ya geti. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa 1946, ya Buigiri karibu na Dodoma 1950, na ya viziwi ya Tabora 1963, na zote tatu ni kazi ya makanisa. Watoto wengi wenye ulemavu hawakuzifikia. Waliobaki katika shule za kawaida waliingia katika hesabu ya makosa: asiyesikia vizuri akaitwa mkaidi, asiyeona ubao akaitwa mzembe, na wote wawili wakachapwa kwa jambo ambalo miwani au kiti cha mbele kingelitatua. Msichana aliyepata mimba hakuwa hata na nafasi ya kuchapwa. Alifukuzwa. Kenya iliweka utaratibu wa kumrudisha shuleni mwaka 1994. Tanzania Bara ilimruhusu kurudi katika mfumo rasmi Novemba 2021, baada ya miaka mingi ya kupimwa mikojo na kuondolewa.

Katika masimulizi haya yote mwalimu huonekana akiwa upande mmoja wa fimbo. Februari 2009 alionekana upande wa pili. Mkuu wa Wilaya ya Bukoba, akikasirishwa na matokeo mabaya ya mtihani wa darasa la saba, aliamuru polisi wawachape viboko walimu 19 wa shule za msingi. Rais Kikwete alimfukuza kazi. Nchi ilishangaa, ingawa mkuu huyo alitumia mantiki ileile iliyotumika kila asubuhi mstarini: matokeo mabaya ni uzembe, na uzembe dawa yake ni kiboko. Walimu waliochapwa wangeweza kuitambua mantiki hiyo mara moja.

Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kuchapishwa 2011, uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana walipigwa kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa. Oktoba 2016 video ya walimu wa mafunzo wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya ilizagaa simuni. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Bukoba alifariki baada ya kupigwa, na mwalimu wake akashtakiwa kwa mauaji. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2020 umeleta programu ya Shule Salama, inayotaka kila shule iwe na mwalimu wa unasihi. Ni hatua nzuri, ila mara nyingi mwalimu huyo ni mwalimu yuleyule wa hisabati, mwenye vipindi vyake, zamu yake na rundo lake la madaftari.

Kanuni za 2002 zingali kwenye vitabu vya sheria vya Tanzania Bara. Kitabu cha viboko kinatakiwa kionyeshe jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Hakuna safu ya kuonyesha mwalimu huyo alikuwa na wanafunzi wangapi darasani siku hiyo.