Chakula cha mwaka: piga hesabu kabla hujauza mahindi

Kila msimu wa mavuno, familia nyingi vijijini huuza mahindi kwa bei ya chini, kisha kati ya Januari na Machi huyanunua tena dukani kwa bei kubwa. Hapa tunaeleza jinsi ya kuepuka hasara hiyo.

Hesabu ya kaya

Familia inayotumia kilo 2 za mahindi kwa siku inahitaji kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia saba ya kilo 100 na kilo 30 juu yake. Ongeza kidogo kwa ajili ya wageni na hasara, utaona ni heri kutenga magunia manane.

Sasa tuchukue mfano. Umeuza gunia kwa shilingi 60,000 wakati wa mavuno. Mwezi Februari unanunua kilo moja kwa shilingi 1,000. Gunia lile lile linakurudia kwa shilingi 100,000: umepoteza 40,000. Weka bei za sokoni kwako, ufanye hesabu yako.

Kama ada ya shule au matibabu yanabana, uza gunia moja moja kadiri ya hitaji. Usimalize ghala kwa siku moja.

Kausha vizuri

Mahindi mabichi huota ukungu unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Anika juu ya turubai, si ardhini. Kisha pima: tia mahindi kwenye chupa ya kioo iliyo kavu mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika moja. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Isiponata, anika siku moja zaidi kwa usalama, kisha hifadhi. Punje zenye ukungu zitenge. Usizile wala usiwape kuku.

Hifadhi bila dawa

Dumuzi, ambaye wengi humwita Skania, anaweza kugeuza gunia kuwa unga. Mifuko ya kinga njaa ina tabaka tatu: mbili za plastiki ndani na moja ya nje iliyofumwa. Toa hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Wadudu hufa kwa kukosa hewa. Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta na panya, na usifungue mara kwa mara. Mfuko usiotoboka hutumika tena msimu ujao.

Jikoni na dukani

• Saga dona badala ya kukoboa. Unapata unga mwingi zaidi kwa debe lile lile. Dona huharibika mapema, kwa hiyo saga kidogo kidogo.
• Loweka maharage usiku kucha. Yanaiva haraka na kuni zinapungua.
• Mafuta, sukari na chumvi, nunueni pamoja kwa jumla, nyumba tatu au nne, kisha mgawane. Vipimo vidogo vya dukani ndivyo ghali kuliko vyote.

Kaeni baba, mama na vijana mfanye hesabu hii kabla dalali hajapiga hodi. Akiba haiozi, mradi iwe imekauka.