Walinzi wa Usiku wa Jeddah na Riyadh

Kabla ya ukuta wa Jeddah kubomolewa mwaka 1947, aliyepita usiku katika vichochoro vya Harat al-Sham, al-Yaman, al-Mazlum au al-Bahr, chini ya roshani za mbao zinazonasa upepo wa bahari, hakukosa kukutana na mlinzi wa zamu, na juu ya mlinzi huyo alikuwapo umda, mkubwa wa mtaa, awajuaye wakazi wake kwa majina na nasaba. Mlinzi alikuwa jirani kabla ya kuwa askari. Akiugua, mkewe hakuhitaji kuandika arzuhali. Lakini hisani ya majirani haina daftari, na lisilo na daftari hutegemea nyoyo za watu na baraka za msimu wa mahujaji.

Na daftari si bidaa. Wapokezi wa tarikhi husimulia kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, ambaye diwani yake, yapata mwaka 20 wa Hijria, iliandika askari na posho zao, alikuwa akizunguka mwenyewe usiku mitaani Madina. Akamsikia mwanamke akilalamikia upweke wake, mumewe akiwa vitani, akamwuliza bintiye Hafsa mke huweza kustahimili muda gani, kisha akaamuru askari wasizuiliwe mbali na nyumba zao zaidi ya miezi minne, na wengine husema sita. Sheria nyingi za polisi zimeandikwa tangu hapo. Chache, naona, zimeanza kwa kumwuliza mwanamke.

Mfalme Abdulaziz alipoitwaa Jeddah mwishoni mwa 1925, ulinzi wa miji ya Hijazi ukawekwa chini ya idara ya polisi. Mwaka 1935 ikafunguliwa Makka shule ya polisi, ambayo baadaye ilihamia Riyadh ikawa chuo cha maofisa. Ndipo ulipoingia uhamisho, jambo wanalolijua vyema wake wa askari katika kota zetu za Dar es Salaam na Unguja: kijana wa pwani apangiwa Najd, na mtaa uliomlea wabaki nyuma. Mahali pa mtaa ikalazimu dola isimame yenyewe, kwa hospitali ya vikosi vya usalama mjini Riyadh, inayowatibu askari na ahali zao, na kwa sheria ya pensheni ya wanajeshi ya mwaka 1975, iliyowahusu polisi pia na kuwafikiria wajane na mayatima.

Kisha ukaja mtihani. Tarehe 21 Aprili 2004 gari lililosheheni baruti lililipuliwa mbele ya jengo la usalama mjini Riyadh, na Desemba mwaka uleule Jeddah nayo ikashambuliwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ina idara inayoshughulikia jamaa za mashahidi na majeruhi, na mimi huona kuwa kazi yake ngumu ni ile ya majeruhi; kwani shahidi haki zake huandikwa zikatulia, bali aliyekatika mguu akiwa na miaka ishirini na mitano ataubisha mlango wa idara hiyo mpaka uzeeni, akiongozana na mkewe na, baada ya muda, na watoto wake.