Chenga za oti: kutoka hori la farasi hadi meza za hotelini

Kopo la chenga za oti likikaa kwenye rafu ya supamaketi, bei yake humfanya mtu aisome mara mbili. Chenga hizi ni zile oti ngumu ngumu zilizokatwa kwa visu vya chuma, kila punje vipande viwili au vitatu. Siyo zile bapa laini ambazo wengi wanazijua, za kumwagia maziwa ya moto na habari ikaisha. Watu wa mazoezi wanazisifia, mahoteli yanazipanga kwenye meza ya asubuhi na vibakuli vya asali na lozi pembeni. Kumbe katikati ya karne ya 19 Mmarekani wa kawaida angekukuta unakula kitu hiki angekuuliza farasi wako atakula nini.

Dharau yenyewe ilikuwa ya zamani. Warumi waliziona oti kama gugu lililojipenyeza kwenye ngano na shayiri, na mwandishi wao mmoja wa karne ya 1 alieleza kwa mshangao kwamba Wajerumani wanapika uji wake. Mwaka 1755 Mwingereza mmoja aliyekuwa akitunga kamusi aliandika maana ya neno hilo kwa kejeli: nafaka ambayo England hupewa farasi, lakini Scotland ndiyo inayolisha watu. Waskoti hawajamsamehe mpaka leo.

Lakini Waskoti walikuwa na sababu. Nchi yao ni ya baridi na mvua, ngano inasumbua, oti inastawi bila kubembelezwa. Walizikausha kwenye tanuri, wakazikoboa, wakazisaga kwenye vinu vya mawe kwa madaraja, kuanzia unga laini hadi chenga kubwa zilizoitwa kichwa cha pini. Mwanafunzi wa chuo kikuu alitoka kijijini na gunia lake la unga wa oti, na vyuo vya huko vilikuwa na mapumziko ya Jumatatu moja ili vijana wakachukue gunia jingine. Hebu fikiria, likizo ya kufuata unga! Uji wenyewe ulikorogwa kwa kijiti cha mviringo kisicho na bapa la mwiko, kwa mkono wa kulia, kufuata mwendo wa jua, maana kukoroga kinyume ilikuwa kumwita shetani. Na wazee wao waliutaja uji kwa wingi, kama sisi tunavyosema maji haya na siyo maji hii. Kwa hilo Mswahili atawaelewa haraka kuliko Mwingereza.

Marekani hali ilikuwa nyingine kabisa. Oti za kuliwa na watu ziliagizwa kutoka Scotland na Ireland na kuuzwa kwenye maduka ya dawa, kwa wagonjwa. Mtu mzima na afya zake kula oti? Magazeti yalichora vikatuni vya watu wanaolia kama farasi.

Ndipo akaingia mhamiaji mmoja kutoka Ujerumani, muuza duka la vyakula katika mji wa Akron, Ohio. Kwao alizoea kula oti, na alishindwa kuelewa kwa nini Wamarekani wananunua kwa bei ya dawa kitu kinachoota mashambani mwao. Katikati ya miaka ya 1850 akaanza kuzitengeneza mwenyewe dukani, na mwaka 1856 akafungua kinu. Wateja wa kwanza walikuwa wahamiaji wenzake, Wajerumani na watu wa Ireland na Scotland. Halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ikalipuka mwaka 1861. Jeshi la Kaskazini lilihitaji chakula kikavu kisichooza, na jamaa akapata oda. Vijana waliocheka uji wa farasi waliula kambini, na wengine wakarudi nyumbani wameuzoea.

Tatizo lilikuwa moja. Mawe ya kinu hayana adabu. Yanasaga punje moja mpaka inakuwa vumbi na kuiruka nyingine, kwa hiyo kwenye kila gunia kulikuwa na unga mwingi usiotakiwa, na sufuriani uji uligeuka gundi. Hasara kwa mwenye kinu, kero kwa mpishi.

Aliyelitatua hakuwa tajiri. Alikuwa mfanyakazi wa kinuni hapohapo Akron, ambaye katikati ya miaka ya 1870 alitengeneza mashine ya kukata badala ya kusaga. Mashine za aina hiyo hufanya kazi hivi: punje zilizokobolewa zinaingia kwenye pipa la chuma lenye matundu, linazunguka, na kila punje inapochomoza kwenye tundu inakutana na kisu kilichosimama. Inakatika, inadondoka, nyingine inafuata. Unga unaopotea ni kidogo sana na chenga zinalingana. Kwa mara ya kwanza mpishi angeweza kupata uji ambao punje zake zote zinaiva kwa pamoja. Hapo ndipo chenga za oti kama zinavyojulikana leo zilipopata umbo lake.

Ungedhani jina la mtu huyo lingekuwa kwenye kila kopo. Wapi! Kabla muongo haujaisha vinu vilikuwa vimeanza kutumia rola. Sasa oti iliyopikwa kwa mvuke ilibanwa ikawa bapa, na uji uliokuwa unachukua nusu saa na zaidi ukawa wa dakika chache kuliko hapo. Mapema miaka ya 1920 zikaja bapa nyembamba zaidi, za kuiva haraka. Kwa mama aliyeamka gizani kuwasha jiko la kuni, hii haikuwa anasa hata kidogo, na si haki kumlaumu kwamba aliacha chenga. Wapenzi wa chenga wa leo wana jiko la gesi, tena wengi wana mtu wa kukoroga.

Kilichomalizia kazi ni mdomo. Mwaka 1881 mfanyabiashara kijana alinunua kinu kidogo huko Ravenna, karibu na Akron, kilichokuwa na alama ya biashara ya mtu wa dhehebu la Quaker iliyosajiliwa mwaka 1877. Wakati huo oti zilipimwa kutoka kwenye pipa lililo wazi dukani, panya na vumbi vikiwemo. Yeye akazifunga kwenye boksi, akachapa maelezo ya kupika mgongoni, akatangaza kila mahali. Mwaka 1891 alijaza treni zima na kulituma kutoka Iowa hadi Portland, Oregon, ambako sampuli zilipelekwa nyumba hadi nyumba. Yule mzee wa Akron aliona matangazo ni kutupa pesa. Kinu chake kikubwa kiliteketea kwa moto mwaka 1886, akalazimika kuungana na washindani, wakagombana miaka kadhaa, na karne ilipoisha usukani ulikuwa kwa muuzaji wa maboksi. Fundi wa visu hakuwemo hata kwenye ugomvi.

Lakini chenga hazikufa. Kinu kimoja cha Ireland kilizipeleka kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, kikapewa cheti kwa sababu chenga zake zinalingana, na cheti hicho kimeendelea kuchapwa kwenye makopo yake. Halafu mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu makampuni kuandika kwamba nyuzi laini za oti, ukila gramu 3 kwa siku katika mlo wenye mafuta yaliyoshiba na kolesteroli kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Nyuzi hizo zimo kwenye bapa pia, tusidanganyane. Tofauti ya chenga ni kwamba tumbo linazivunja polepole zaidi, na kwamba kuna kitu cha kutafuna.

Kuzipika si mchezo mgumu, ni subira tu. Kikombe kimoja cha chenga, vinne vya maji. Anza kwa kuzikaanga kavu, au kwa kijiko cha siagi, mpaka zinukie kama karanga. Hapo unarudisha ile harufu ya tanuri la Waskoti. Mimina maji yanayochemka, punguza moto, acha dakika 25 hadi 30 huku ukipitisha mwiko mara kwa mara. Chumvi itie karibu na mwisho, na usiikose hata kama utaweka sukari. Mwenye haraka ya asubuhi achemshe maji usiku, atie chenga, zichemke dakika moja, azime na afunike. Alfajiri zinahitaji dakika 10 tu.

Juu yake ndipo watu wanapokosana. Waskoti wa zamani walichota kijiko cha uji wa moto na kukichovya kwenye kibakuli cha maziwa baridi pembeni, ili moto na baridi vikutane mdomoni. Wamarekani wakaja na sukari ya kahawia, zabibu kavu na mdalasini. Aliyekulia kwenye uji wa chenga za mchele atatia tui zito na iliki bila kuuliza mtu, na ladha inakubali vizuri sana, ikifuatiwa na tende zilizokatwa au karanga za kukaanga. Kinachoharibu ni kurundika vitu laini tupu, ndizi iliyoiva sana, asali na maziwa ya kopo, mpaka zile chenga zilizogharimu nusu saa zisisikike.

Huko Carrbridge, kijiji cha Scotland, tangu mwaka 1994 kuna mashindano ya dunia ya kupika uji wa oti. Kwenye kitengo kikuu vinaruhusiwa vitu vitatu: oti, maji na chumvi. Chenga ruksa, unga wa kusagwa ruksa. Bapa haziingii.