Swali Lililongoja Misafara ya Tabora

Juni 1871, Henry Morton Stanley alifika Kwihara, kando ya Tabora, akimtafuta Livingstone. Furushi la barua za kumpelekea mzee huyo, lililoandikwa juu yake Novemba 1, 1870, alilikuta limekwama hapo hapo, katika nchi ya Unyanyembe. Muda si mrefu vita na mtemi Mirambo vikafunga njia ya Ujiji.

Tabora ilikuwa njia panda ya Bagamoyo, Ujiji na Karagwe. Pembe zilipoingia, habari ziliingia nazo, na mwenye haja aliuliza swali lake lile lile kwa kila msafara uliotua.

Septemba Stanley akazungukia kusini. Mwanzoni mwa Novemba, kwa hesabu yake ya tarehe, akakutana na Waguha 80 waliotoka Ujiji. Wakamwambia kuna mzungu kafika karibuni kutoka Manyema. Neno “mzungu” peke yake lilitosha kumsimamisha, kwa kuwa wazungu walikuwa wachache mno katika njia ile. Halikutosha kumthibitishia. Akauliza umri, mavazi, afya. Mzee, wakasema, ana mvi usoni, tena mgonjwa. Stanley alimwaza hata mpelelezi mwingine, Samuel Baker, akamwondoa: Baker hakuwa na mvi usoni.

Kwa maoni yangu, mazungumzo yale ya njiani yana kazi yote ambayo kompyuta zilikuja kufundishwa baadaye. Tumezoea nyaraka zitulie kwenye faharasa na swali lije. Lakini mwandishi anayefuatilia bei ya tumbaku, au daktari anayevizia habari za kipindupindu, ana swali lisilobadilika. Kinachokuja ni waraka. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn wa IBM alieleza mtambo wa kulinganisha kila waraka mpya na mahitaji ya wasomaji yaliyokwisha kuhifadhiwa.

Tatizo ni wingi. Maswali yakifika laki kadhaa, kuyapitisha yote juu ya kila habari ni kuchelewa. Mwaka 1994 Tak Yan na Hector Garcia-Molina wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia za kuyatia maswali yenyewe kwenye faharasa. Swali linalotaka “tumbaku” na “Urambo” na “bei” linatundikwa kwenye neno lake adimu, yaani Urambo. Habari isiyoitaja Urambo hailigusi kabisa. Ikiitaja, ndipo masharti mengine yanapokaguliwa moja moja. Swali la “tumbaku” au “pamba” halina njia ya mkato hiyo: lazima litundikwe kwenye maneno yote mawili.

Elasticsearch, programu ya kutafuta nyaraka, ilianza kuhifadhi maswali ya namna hii mwaka 2011, lakini ikawa inayaendesha yote kwa kila waraka. Faharasa ya maneno ya maswali hayo ilikuja na toleo la 5.0 mwaka 2016. Kuchagua neno la kutundikia bado ndiko kwenye ugumu, maana uadimu hubadilika na wakati. Mwaka 1871 “mzungu” lilifaa. Kwenye habari za Tabora za leo, swali lile lingetundikwa kwenye “Livingstone”.